BETHDEI YA MUME KWA ELFU HAMSINI NA TATU: DADA WA TABATA ALIVYOJIONGEZA

Mwaka jana dada mmoja wa Tabata alimfanyia mumewe bethdei ambayo picha zake mpaka leo zinazunguka. Launji ya maana, maputo meusi na ya dhahabu, keki kilo tano, MC, mpigapicha, watu arobaini. Mashosti walishona sare kabisa. Ile video ya jamaa anaingia mlangoni, taa zinawaka, watu wote "sapraiiizi!", ilikaa WhatsApp wiki nzima na kila mtu akaandika "mume kapata mke".

Lakini ukiitazama vizuri ile video, utaona kitu mkononi mwa jamaa. Begi la vifaa. Yeye ni fundi AC na mafriji, na siku ile aliambiwa kwa simu kwamba kuna AC ya launji inavujisha maji, aje haraka, bosi analipa keshi. Akaacha kazi nyingine Ilala, akapanda bodaboda kwa hela yake, akafika na shati lina grisi. Akakuta watu arobaini wamependeza kuliko yeye, na nusu yao hawajui hata kwa sura. AC ilikuwa nzima.

Halafu wakammwagia maji, si unajua tena mila zetu za bethdei. Ndoo mbili, na chupa za soda juu yake. Simu ilikuwa mfukoni. Ikafa palepale na namba za wateja wa miaka minne.

Hayo yote angeyameza. Kilichomshinda kilikuja wiki tatu baadaye, saa mbili usiku, yuko mezani anakula. Mama mweka hazina wa kikoba alibisha hodi akiulizia rejesho. Sherehe ilikula laki tisa, na laki sita kati ya hizo mke alikopa kikoba bila kumwambia mtu. Jamaa hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Zimebaki ngapi?" Akanawa mikono chakula kikiwa hakijaisha.

Siku mbili baadaye aliuza pampu yake ya kuvuta hewa, ile mafundi wanayotumia kabla ya kujaza gesi kwenye AC. Aliipata kwa kujinyima mwaka mzima, akaiuza laki mbili na nusu. Tangu siku hiyo kila akipata kazi ya kufunga AC inabidi akodi pampu ya mwenzake kwa elfu kumi. Yaani ile bethdei anailipia mpaka leo, kila akipata kazi.

Kwa hiyo mwaka huu, mwezi wake ulipokaribia, alisema mapema, tena kwa upole: "Mama, naomba mwaka huu usifanye kitu. Kitu chochote."

Hapo ndipo dada wa watu alipobaki njia panda. Asifanye kabisa? Mume atimize miaka thelathini na tano kama anatimiza Jumatatu? Au afanye, aonekane hasikii? Kuna wanawake wangenuna hapo, wakasema basi, umejitakia. Yeye alianza kuweka elfu mbili mbili kila siku kutoka kwenye hela ya vitumbua anavyouza asubuhi, bila kujua bado za nini. Siku sitini, laki na ishirini. Hakumwambia mtu, na safari hii siri haikuwa deni.

Wazo lilitoka kwa mama mkwe, Muheza. Alipiga simu kumsalimia, na katika mazungumzo akauliza mume wake alikuwa anapenda nini alipokuwa mdogo, maana yeye ukimuuliza anakujibu "chochote".

"Bada," bibi akajibu hata hajafikiria. "Bada na samaki wa nazi. Angekula mpaka alale palepale kwenye mkeka. Huko Dar anapikiwa na nani?"

Hakuna. Dada mwenyewe ni wa Singida, bada alikuwa analisikia tu. Miaka saba ya ndoa, pilau kila sikukuu, biriani akibahatika, na mwanaume hajawahi kusema hata siku moja kwamba roho yake iko kwenye ugali wa muhogo.

Akauliza na la pili. "Mama, hivi alizaliwa saa ngapi ile tarehe yake? Asubuhi au usiku?"

Bibi akacheka. "Tarehe gani mwanangu? Ile ya kwenye cheti? Ile aliiandika mwalimu siku tunampeleka darasa la kwanza. Mimi najua alizaliwa Mfungo Sita, siku ya pili baada ya maulidi ya pale kijijini, watu bado wanakunja mikeka. Hizo tarehe zenu sizijui."

Jamani. Keki kilo tano, laki tisa, simu imekufa, pampu imeuzwa, kwa tarehe iliyobuniwa na mwalimu mwenye foleni ya watoto mlangoni.

Dada alicheka peke yake jikoni mpaka mtoto akamuuliza ana nini. Lakini kicheko kilipoisha alipata akili. Tarehe ya cheti mwaka huu iliangukia Alhamisi, tena tarehe za kati, mwezi upo kona. Kama mwalimu aliichagua tu, basi na yeye anaweza kuchagua. Akachagua Jumapili inayofuata.

Alhamisi ilipofika akakaa kimya kama alivyoombwa. Na hapa watu wengi huwa wanajichanganya, kwa sababu mtu akisema hataki sherehe haina maana hataki kukumbukwa. Jamaa alirudi saa moja na nusu, mapema kuliko kawaida yake. Akaoga. Akavaa shati safi, akakaa sebuleni bila kuwasha tivii. Kwenye simu salamu za pongezi zilikuwa mbili, moja ya benki na nyingine ya mtandao wa simu. Ugali ukaja na mchicha kama siku zote. Akala, akashukuru, akauliza, "Leo tarehe ngapi vile?"

Dada alitamani ardhi ipasuke. Mpango wake wa kimyakimya ukafia hapo hapo.

"Najua tarehe," akamwambia. "Jumapili usichukue kazi, baba. Sijakopa. Ukitaka nikuonyeshe hesabu, nakuonyesha."

Jamaa akamtazama kwa muda. "Watu wangapi?"

"Taja wewe."

Hilo swali mwaka jana hakuna aliyemuuliza. Akataja taratibu, anahesabu kwa vidole: mdogo wake wa Mbagala na mkewe, fundi mwenzake anayemkodisha pampu, mzee wa nyumba ya pili wanayecheza naye drafti jioni. Kidole cha tano kikakosa mtu. "Na wapangaji wenzetu hapa, hatuwezi kula wao wananusa." Basi. Ukijumlisha na watoto hawazidi kumi na tano. Bosi wake hakuwemo. Mashosti wa mke pia hawakuwemo, na hiyo ndiyo ikawa kesi.

Maana kwenye grupu la mashosti walikuwa wanasubiri rangi ya sare. Alipoandika kwamba mwaka huu ni nyumbani tu, chakula cha mchana, watu wachache, mmoja akatuma kikatuni cha kulia. Mwingine akaandika, "Shosti mmefulia?" Wa tatu, huyu ndiye aliyeuma, akauliza kama ndoa iko salama. Aliandika majibu matatu, akafuta yote. Mwisho akatuma moja: "Tupo salama. Ni bada." Grupu likanyamaza siku nzima, halafu mmoja, dada wa Pangani ambaye huwa hachangii kitu, akamfuata pembeni: "Nibakizie kidogo basi."

Sasa mambo ya hesabu, kwa sababu kuna watu wamekuja kusoma hilo tu. Jumapili alfajiri alikwenda Feri na mpangaji mwenzake. Ukifika soko la samaki mapema unanunua kwa fungu pale mnadani, siyo kwa bei ya mtaani ambako samaki ameshapita mikono mitatu. Walipata changu na vibua vya elfu kumi na nane, wakawaparia palepale. Nauli ya wote wawili kwenda na kurudi ilikula elfu tatu. Unga wa muhogo kilo nne, elfu nane. Nazi tano, elfu tano. Nyanya, vitunguu, ndimu na pilipili, elfu nne. Mkaa wa elfu tatu. Ukwaju na sukari ya juisi, elfu tano. Keki alioka mwenyewe kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, mayai na siagi na unga vikaja elfu saba. Jumla elfu hamsini na tatu. Viti ni vya wapangaji, mkeka ni wa ndani, na ukumbi ni kivuli cha mwembe wa mwenye nyumba, ambaye alikuja kula na yeye. Maputo hayakuwepo. Mtoto wa kwanza alichora kwenye karatasi la daftari mtu amebeba AC kichwani, wakalibandika kwenye mti.

Bada lenyewe lilikuwa vita. Jumamosi alijaribu kidogo jamaa akiwa kazini, likatoka mabonge, jirani akauliza kama ni gundi. Jumapili akampigia mama mkwe simu ya video, akaisimamisha dirishani, na bibi akaongoza kutoka Muheza: "Songa. Usipumzike. Songa tena. Bado jeupe hilo, mpaka ling'ae, livutike." Mikono ikamuuma kama aliyepiga chuma. Wanawake wawili wapangaji wakapokezana mwiko. Lilipoiva bibi akasema, "Haya, mwite sasa."

Jamaa alikuwa chini ya mwembe na kaptura, anafungwa drafti na mzee. Sahani ilipowekwa mbele yake alinyamaza. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalimeza vile watu wa kwao wanavyolimeza, bila kutafuna. Kisha akamtazama mkewe na hakusema kitu, na mdogo wake wa Mbagala ndiye aliyepiga kelele, "Kaka, hili bada la bibi!" Ikabidi simu ipokezanwe, kila mtu amsalimie bibi, shikamoo kumi na tatu mfululizo.

Sherehe haikuwa na ratiba. Watu walikula mpaka wakalegea. Keki ilikatwa saa tisa kwa kisu cha vitunguu na ilinuka vitunguu kidogo, hakuna aliyejali. Maji yalimwagwa, ndiyo, mila ni mila, lakini jamaa alitoa simu mfukoni kwanza akampa mzee wa drafti ashike, akavua shati, akakaa chini ili hata mtoto wa miaka mitatu amfikie. Watoto walimmwagia kwa vikombe vya plastiki. Yeye ndiye aliyekuwa anasema "tena". Baada ya hapo alijifuta, akajilaza kwenye mkeka, redio inatangaza mpira, na kabla ya kipindi cha pili amelala mdomo wazi. Kumbe bibi alikuwa haongezi chumvi.

Picha zilipigwa nne kwa simu. Moja tu ndiyo ilirushwa WhatsApp, ile ya mchoro wa mtoto. Na bakuli la shosti wa Pangani lilifunikwa mapema, pembeni, kabla halijaisha.

Usiku, watu wameondoka na vyombo vimeoshwa, dada alitoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na elfu sitini na saba, zile zilizobaki kwenye laki na ishirini. Juu ameandika kwa kalamu neno moja: PAMPU.

"Haitoshi," akasema. "Najua haitoshi. Lakini ni mwanzo, na nitaendelea kuweka."

Jamaa akazihesabu. Akazihesabu tena. Zilikuwa noti za elfu mbili, elfu moja, na sarafu nyingi, hela za vitumbua kabisa, nyingine bado zina mafuta. Akazirudisha kwenye bahasha, akaiweka juu ya kabati, kwenye begi la vifaa, mahali pampu ilipokuwa inakaa.

"Kesho nina AC mbili Kinondoni," akasema. "Jamaa kaniambia leo kwamba pampu nichukue bure, kwa sababu ya samaki."

Halafu akauliza kama bada limebaki.

"Lipo bakuli moja," mke akajibu, "lakini lina mwenyewe."