Sala ya Jioni Haimngoji Padre

Wasomaji wetu, katika vijiji vingi vilivyo kando ya njia ya kale ya Tabora padre mmoja hulea makanisa mengi, na mahali pengine hafiki ila mara moja kwa mwezi. Na wakati wa masika, mito ikijaa, haonekani kabisa. Siku afikapo kanisa hujaa watu. Siku asipofika mlango hufungwa, na kengele hunyamaza kana kwamba Mwenyiezi Mungu naye yumo safarini. Jambo hili latuhuzunisha sisi waalimu, maana Kanisa letu la Kianglikana linayo ibada iwezayo kusomwa pasipo padre, nayo ni Sala ya Jioni. Twapenda kueleza asili yake na maana yake, ili ijulikane kuwa ni mali ya kijiji.

Desturi ya kumwomba Mungu jua linapotua ni ya kale kuliko Kanisa lenyewe. Katika Hekalu la Yerusalemu palikuwa na sadaka ya asubuhi na sadaka ya jioni. Wakristo wa zamani nao waliomba kwa saa zao, na Wayunani walikuwa na wimbo wa kuwasha taa, ambao Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, aliutaja kuwa wa kale hata kwa watu wa siku zake. Baadaye watawa waligawanya siku kwa sala nyingi, na mwisho wa siku walikuwa nazo mbili, moja ya magharibi na moja ya kulala. Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury, alipotengeneza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alizikusanya hizo mbili kuwa moja, akaiweka katika lugha ya watu badala ya Kilatini. Huku kwetu Askofu Edward Steere wa Unguja, aliyefariki mwaka 1882, alifanya kazi kubwa ya kuzifasiri sala kwa Kiswahili, ili nasi tuombe kwa maneno tunayoyafahamu.

Kwa sababu ya kuunganishwa huko twaimba nyimbo mbili kila jioni. Wimbo wa Mariamu ulitoka katika sala ya magharibi, na wimbo wa mzee Simeoni ulitoka katika sala ya kulala. Mmoja ni wa binti angojaye kuzaa, na mwingine ni wa mzee aliye tayari kufa kwa amani. Basi, kwa nyimbo hizi mbili, vijana na wazee wa kijiji wote wamepata mahali pao.

Watu wa Unyanyembe hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya jioni. Babu zetu walichukua mizigo kutoka huku mpaka Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na mpagazi mmoja aliweza kubeba kama frasila mbili begani. Mtu aliyechoka hakutua mzigo wake porini peke yake. Alitua kambini pamoja na wenzake, palipo boma la miiba na moto. Hapo posho iligawanywa, na jioni kirangozi alisimama akatangaza habari ya safari ya kesho.

Tazama sasa mpango wa Sala ya Jioni. Kwanza twaungama dhambi, ndiko kutua mzigo wa mchana. Kisha twasoma Zaburi na masomo mawili, moja la Agano la Kale na moja la Agano Jipya, ndiyo posho yetu. Kitabu kimezigawanya Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni; na jioni ya siku ya 15 husomwa Zaburi ya 78 peke yake, ambayo ni ndefu, nayo yasimulia safari ya Waisraeli jangwani na manung'uniko yao. Mwisho huja sala fupi tatu: ya siku ile, ya kuomba amani, na ya kuomba ulinzi katika hatari za usiku. Hii ya tatu ndiyo boma letu la miiba.

Labda mtu atauliza, Nani atatuongoza? Twamjibu kwa habari za nchi hii hii. Mwezi wa Agosti 1872 walifika Kwihara, karibu na Tabora, wapagazi ambao Stanley alimpelekea David Livingstone. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya CMS huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, wala hapakuwa na padre. Wenzake walipouzika moyo wake chini ya mti, Jacob ndiye aliyesoma maneno ya maziko. Kisha wakauchukua mwili, wakapita tena Unyanyembe, mpaka pwani. Jacob mwenyewe alifariki Urambo mwaka 1892. Hakuwa na daraja lo lote katika Kanisa. Alikuwa mtu ajuaye kusoma, na siku ile kusoma kwake kulitosha.

Tena katika vita ya 1914 mpaka 1918, Wadachi waliwafunga Tabora wamisionari wa Kiingereza, na mapadre na waalimu Waafrika wa UMCA na CMS, mpaka Wabelgiji walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Walimokuwa wametoka, makundi yalibaki bila wachungaji. Kanisa linalojua kuomba tu wakati padre yupo, siku kama hizo litaomba nini?

Sisi wenyewe tumeona nguvu ya sala hii. Mwaka mmoja mvua zilikata njia, na mama mmoja akafiwa na mwanawe wa pekee. Padre hakuweza kufika kwa siku nyingi. Jioni ya kwanza tulikwenda watu watatu na kitabu kimoja, tukaketi uani kwake tukasoma. Jioni ya nne walikuwapo jirani wengi, hata wasio wa Kanisa letu. Mama yule hajui kusoma, wala siku zile hakuwa na neno la kumwambia Mungu. Lakini wimbo wa Simeoni aliujua kwa moyo tangu utoto, akauimba nasi kwa sauti ndogo. Baadaye alituambia kwamba asingaliweza kuomba kwa maneno yake mwenyewe.

Hilo ndilo jibu letu kwa wale wasemao kwamba maneno yale yale ya kila siku huchosha, na kwamba heri mtu aombe yatokayo moyoni. Ni kweli, na aombe hivyo. Lakini liko giza ambalo moyo haupati neno, na hapo maneno waliyoyasema wengi kabla yetu hutuchukua, kama vile wenzake safarini humchukua mgonjwa.

Basi, ndugu zetu, msiifunge nyumba ya Mungu kwa kuwa padre yuko mbali. Neno la ondoleo la dhambi peke yake ndilo la padre. Yaliyobaki yote msomaji aweza kuyaongoza. Ibada haifiki saa moja. Wekeni wakati usiowaudhi wapikao na warudishao ng'ombe, na ikiwa taa hakuna, tochi ya simu yatosha kumulika ukurasa. Wakija wawili, anzeni na hao wawili. Na padre atakapofika, atakuta moto haujazimika.