Maharage, Radi na Kijidudu cha Kilomita 2.8

Nimepotea wiki tatu hivi, si mnajua tena msimu wa msuli. Vimbweta vimejaa, boom limekata, na desa langu la wiki hii ni mzunguko wa naitrojeni. Usikimbie hata kama wewe ni mtu wa Historia, leo kuna nondo.

Mchoro tunaujua wote tangu sekondari. Juu kuna hewa, asilimia 78 ni naitrojeni. Radi inapiga, maharage yana bakteria kwenye mizizi, ng'ombe anakula majani, anakufa, anaoza, bakteria wengine wanairudisha naitrojeni hewani. Jua liko kwenye kona. Chini ya mizizi hakuna kitu, ubao umeisha.

Sasa twendeni Afrika Kusini, kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, magharibi ya Johannesburg. Ni kati ya migodi mirefu kwenda chini kuliko yote duniani. Watafiti walichuja maji yanayotoka kwenye nyufa za mwamba, kilomita 2.8 chini. Maji ya moto, nyuzi 60 hivi, hakuna mwanga, hakuna oksijeni. Mwaka 2008 wakatoa matokeo kwenye jarida la Science: zaidi ya asilimia 99.9 ya vijidudu mle ni aina moja tu ya bakteria! Wakamwita Desulforudis audaxviator. Hilo jina la pili ni Kilatini, maana yake msafiri jasiri, na limetoka kwenye riwaya ya Jules Verne ya safari ya kwenda katikati ya dunia.

Anakula nini huko? Mwambani mna urani. Mionzi yake inapasua maji na kutoa haidrojeni, na mionzi hiyo hiyo inasaidia kupatikana kwa salfeti kutoka kwenye madini yenye salfa. Bakteria anatumia salfeti mahali ambapo sisi tungetumia oksijeni, na haidrojeni ndiyo chakula chake. Hakuna jani hata moja kwenye hesabu hiyo.

Lakini nguvu peke yake haijengi mwili. Protini inataka naitrojeni, DNA inataka naitrojeni. Jeni zake zinaonyesha ana njia mbili. Amonia ikiwemo kwenye maji, anaivuta. Pia anazo jeni za naitrojenesi, kimeng'enya kile kile ambacho bakteria wa maharage wanatumia kugeuza gesi ya naitrojeni kuwa amonia. Yaani shamba, mbolea na mlaji, vyote ndani ya seli moja.

Na ukifikiria vizuri, si jambo geni sana. Naitrojenesi inaharibika ikikutana na oksijeni. Kata kinundu cha mzizi wa kunde yenye afya, utakuta ndani kuna wekundu. Ile ni protini ndugu ya himoglobini ya damu yetu, inashika oksijeni ili isimsumbue bakteria. Kunde inahangaika kutengeneza kachumba kenye oksijeni kidogo, wakati kule chini hali hiyo ipo bure.

Mshale wa kurudi nao upo. Kwenye mgodi mwingine, Beatrix, jimbo la Free State, kilomita 1.3 hivi chini, utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kundi linalotawala ni bakteria wanaotumia naitreti badala ya oksijeni huku wakijipatia nguvu kwenye salfa. Naitreti inaishia kuwa gesi.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu ya TP. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, jua likizimika, viumbe vyote vitakufa?" Kitabu kinasema jua ni chanzo cha nishati ya viumbe vyote, na anayeandika hivyo anapewa alama. Nikamjibu: sisi tutakufa, maharage yatakufa, ila wapo ambao wala hawatajua kama jua limezimika. Darasa likalipuka maswali mpaka kengele. Baadaye mwalimu wa somo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, usiwachanganye watoto, mtihani ni Novemba."

Namwelewa mzee wangu. Mtoto akifeli, hakuna atakayekuja kumhurumia kwa sababu alijua habari za Mponeng. Lakini nikimwambia "vyote" wakati najua ni "karibu vyote", nitakuwa nimemfunga mdomo mtoto aliyeuliza swali la maana kuliko yote ya muhula ule.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitachora mchoro wa kitabu wote, waunakili, wapate alama zao. Halafu chini ya mizizi nitachora mshale mmoja unaoshuka, niweke alama ya kuuliza, na anayetaka atanifuata baada ya kipindi.

Nyie mnaokwenda TP mwaka huu, mngemjibuje yule mtoto? Tupo pamoja.