Pwani ya Entebbe: Mtungi wa Hewa Hauogelei

Msafiri atokaye Kampala huenda kilomita 40 hivi kabla ya kufika Entebbe, mji ambao jina lake kwa Kiganda lina maana ya kiti. Hapo miti mikubwa huachana ghafla, na Ziwa Victoria hutandazika mbele ya macho hata mtu akadhani amefika baharini.

Asubuhi moja niliwakuta pwani hapo watu wanane waliotaka kujifunza uzamiaji. Mitungi ya hewa ilikuwa imepangwa mchangani, lakini mwalimu hakuruhusu mtu kuigusa. Aliwachukua kwa mashua hadi mbali na majani ya ufukweni, maana humo hukaa konokono waenezao kichocho. Kisha akawaamuru waogelee mita 200 bila kupumzika, kwa mtindo wowote na bila kushindana na saa, halafu waelee dakika 10. Hicho ndicho kipimo kinachotumika katika shule nyingi za uzamiaji duniani.

Sajini mmoja, mtu wa kifua kipana, alicheka. "Mwalimu, mimi nimekuja kuzama. Huko chini nitapumua kwa mtungi."

"Na mtungi ukiisha, mzee, nawe uko mbali na mashua?" mwalimu akamwuliza kwa upole.

Sajini alijitupa majini kwa nguvu nyingi. Alipokaribia nusu ya safari msuli wa mguu ukamkaza, pumzi zikamwisha, akashika ubavu wa mashua. Binti yake alikuwa akimtazama kutoka mchangani. Siku ile hakuvaa mtungi.

Ndugu msomaji, usidhani mwalimu yule alikuwa mkali bure. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mkandamizo wa 200 hubeba lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hewa hiyo humtosha kwa muda mzuri. Mwenye hofu, apigaye miguu ovyo, huimaliza upesi sana. Tena kadiri anavyoshuka, kila pumzi hula hewa nyingi zaidi, kwani maji humkandamiza. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Na kutapatapa huko ndiko kumalizako hewa. Azoeaye kuogelea hupumua polepole, na akiibuka mbali na chombo chake huweza kurudi bila kumwelemea mwenzake.

Ziwa hili nalo lina tabia zake. Maji yake hayana chumvi, hivyo aliyezoea bahari ya Mombasa huona mwili wake hauelei kama kule. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya baharini hayafai kufuatwa bila kurekebishwa. Upepo nao huweza kuinua mawimbi katika muda mfupi.

Hatujasahau tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kilipozama karibu na pwani ya Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Askari na wavuvi waliingia majini kuokoa na kutafuta. Kazi ya namna hiyo haimngoji mtu ajifunze kwanza kuogelea.

Atakaye kujiandaa na aogelee mara tatu kwa juma, akianza na umbali mdogo na kuuongeza taratibu. Ajifunze kutoa pumzi ndani ya maji, asitegemee mikono peke yake, aache tumbako, wala asiingie majini bila mwenzi. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu amwone daktari kwanza.

Miezi miwili baadaye nilipita tena Entebbe. Sajini alikuwa majini, akienda polepole kama mtu atembeaye shambani mwake. Alikuwa wa mwisho kufika, lakini alifika. Kisha akalala chali juu ya maji, akaelea dakika zake zote 10. Mwalimu akaandika jina lake daftarini. Binti akamletea taulo, akamwuliza, "Baba, leo utazama?"

"Leo nitazama, mwanangu," akajibu, "kwa kuwa sasa najua nitarudi."