Kioo cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba kaniletea Forester yake ya 2013. Jiwe lilipasua kioo cha mbele njia ya Chalinze, akawekewa kingine, na tangu hapo taa ya EyeSight, mfumo wake wa kuonya na kufunga breki, haizimiki. Fundi wa Gerezani ameshatoa hukumu: "Dada, hizo mbwembwe za Wajapani. Tuzichomoe, gari itembee." Mjomba anataka nimjibu mimi, kwa kuwa ndimi niliyesomeshwa.

Nikamweleza fundi kuhusu kamera zile mbili zilizo juu, nyuma ya kioo. Subaru walianza kufunga kamera za jozi kwenye magari mwaka 1999. Jina EyeSight likaja 2008. Kila kamera inakiona kitu kwa pembe yake, na tofauti ya picha hizo mbili ndiyo inayotoa umbali. Kioo kikizidi unene kidogo au kikipinda vingine, umbali unakuwa wa uongo. Ndiyo maana kioo kikibadilishwa kamera husawazishwa upya kwa ubao maalumu wenye michoro.

"Ubao huo nitaupata wapi hapa Dar?"

Swali zuri kuliko yote niliyoandika kwenye rasimu ya utafiti wangu.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya futari nimerudia makala ya mtafiti David Lee wa Edinburgh, ya mwaka 1976. Bado inanifurahisha. Anasema dereva hahitaji kujua umbali wala mwendo ili apige breki kwa wakati. Gari la mbele linazidi kuwa kubwa machoni pake, na jinsi linavyokua upesi ndivyo anavyojua sekunde zilizobaki. Mashine hufika hapohapo kwa hesabu: umbali, gawanya kwa tofauti ya mwendo. Mimi niko kilomita 60 kwa saa, daladala iliyo mita 20 mbele inakwenda 30. Zimebaki sekunde 2.4.

Karibu na hapo gari huanza kulia. Ubungo saa kumi na moja jioni, kila mtu anawahi futari, nafasi hiyo ina bajaji tayari imeshachomekea, na bodaboda pembeni yake anasubiri zamu. Gari linalia kutwa. Mjomba anasema lilimchosha kuliko lile sauti la Kijapani linalodai kadi kila akiwasha (hilo sote tumelizoea, kama kikohozi cha mzee wa nyumba).

Jumapili, 9 Machi

Takwimu za IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima. Utafiti wao wa 2017: magari yenye onyo peke yake yalipunguza ajali za kugonga kwa nyuma kwa asilimia 27, yenye onyo pamoja na breki inayojifunga, asilimia 50. Pia walikagua magari yaliyopelekwa gereji za wauzaji wakakuta karibu nusu yamezimwa onyo la kutoka kwenye mstari. Huko mistari inaonekana! Mimi sina tena subira na onyo tupu. Linampigia kelele mtu ambaye tayari amezidiwa, kisha lawama inabaki kwake.

Lakini breki nayo ina upofu wake. Utafiti wao wa 2022 ulikuta breki za kumkwepa mtembea kwa miguu zinapunguza ajali kwa asilimia 27, ila kwenye giza lisilo na taa za barabarani faida haikuonekana. Rada je? Inapima mwendo kama tochi ya trafiki, na kwa miaka mingi mifumo yake ilifundishwa kupuuza vitu vilivyosimama, la sivyo gari lingefunga breki kwa kila kibao na kila daraja. Sasa weka semitrela lililokufa usiku baada ya Mikese, halina taa, dereva ametandaza matawi barabarani na kulala chini ya tela. Limesimama, na liko gizani. Ajali za namna hiyo huua watu kwenye barabara zetu, na hilo ndilo gumu zaidi kwa kamera na kwa rada.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi amenirudishia rasimu, kaniandikia pembeni: "Punguza." Nimefuta sura nzima ya mistari ya barabara. Nimebakiza maswali mawili: madereva wa Kimara hadi Ubungo huachiana sekunde ngapi, na kamera ambayo haikusawazishwa baada ya kubadilisha kioo inakosea umbali kwa kiasi gani. Hilo la pili msimamizi amelipigia mstari mara mbili.

Mjomba amekubali kuniazima gari Jumamosi. Fundi asiguse waya kwanza. Nimemwonya Mjomba pia asitarajie miujiza hata likitengemaa: toleo hili la pili la EyeSight linaahidi kusimama lenyewe pale tu tofauti ya mwendo haizidi kama kilomita 30 kwa saa.

"Sasa thelathini si foleni tu?"

Ndiyo, Mjomba. Na anaishi kwenye foleni.