Kutoka kuuliza wazee hadi kuwasomea

Wengi mumetuuliza kwa nini tuliacha kazi ya uchunguzi juu ya uzee, kazi yenye mshahara, tukaja kutunza vitabu. Tunajibu hapa, sisi wawili.

Zamani tulipita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Mzee anakula mara ngapi kwa siku? Nani anamchotea maji? Karatasi zikijaa, zilipelekwa mbali. Bibi mmoja akatuambia: «Wajukuu, munauliza, munaandika, munaenda. Na mimi, nani atanisomea?»

Neno hilo lilitushika. Mwaka 1963 daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba mzee anayerudia habari za zamani si lazima akili imepotea: anapima maisha yake. Na hapa kwetu Kirungu, wakati wa jina la Baudouinville, Stefano Kaoze aliandika juu ya mawazo ya watu wa Marungu. Yalichapwa mwaka 1910 na 1911, mbele hajapata upadri mwaka 1917. Basi wazee wetu wameandikwa tangu siku nyingi. Kusomewa ndiko kulikobaki.

Nyumbani kulikuwa maneno. Mume wa mmoja wetu aliuliza pesa ya shule ya watoto itatoka wapi. Alikuwa na haki. Asubuhi tunauza ndagala kutoka bandari ya Moba, alasiri tunafungua chumba cha vitabu. Mpaka leo hesabu ni ngumu.

Lakini tuliyojifunza katika uchunguzi hayakupotea. Kiti cha mzee tunakiweka karibu na dirisha, kwa sababu jicho lake linataka mwanga mwingi kuliko la kijana. Msomaji anamtazama usoni, anasema polepole bila kupiga kelele, maana masikio ya uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mtoto anasoma, mzee anamkatiza, anasahihisha jina la mti au la samaki. Mtoto anaandika. Mzee akikubali, daftari linabaki kati ya vitabu vyetu.

Alhamisi ni siku ya wazee. Mama mwenye mzee nyumbani, umlete. Asipoweza kutembea, tuma mtoto achukue kitabu kimoja, pamoja na daftari tupu.