Usije Ukerewe Sasa

Nansio, Ukerewe

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anakusalimu, na kila jioni anauliza kama umekula.

Juzi ulinipigia simu ukaniomba uje kisiwani tuvue dagaa pamoja, uachane na Mwanza na maskani zake za unga. Nilikuambia nitafikiri. Nimefikiri siku tatu, nimeona nikuandikie, maana neno la simu hupeperuka. La kwenye karatasi utalisoma tena hasira ikishapoa. Jibu langu ni hili: usije sasa. Sikufukuzi, mwanangu. Mlango wa mjomba wako ni mlango wako. Lakini sikiliza sababu zangu.

Ya kwanza ni methadoni, dawa yako ya kuacha unga. Nakumbuka asubuhi ile nilipokusindikiza hospitali ya Sekou Toure. Ulifika dirishani, muuguzi akakagua jina lako, akapima dozi kwenye kikombe kidogo, ukainywa mbele ya macho yake. Akakupa maji, kisha akakusemesha ahakikishe umemeza. Basi, hata dakika mbili hazikufika. Ulipotoka ulikaa kwenye benchi la mama muuza chai, ukala chapati mbili ukamaliza. Mimi niligeukia barabarani nijifanye natazama bodaboda, kwa sababu sikutaka unione nikifuta machozi. Sikuwa nimekuona ukimaliza chakula kwa muda mrefu sana.

Methadoni ile inakushika siku moja. Kesho yake unahitaji nyingine, na dirisha lako liko Mwanza. Kutoka huko mpaka Nansio ni saa tatu za meli na zaidi, na kambi za dagaa ziko mbele zaidi. Mshauri wa kliniki alitueleza vizuri: ukikosa siku tatu mfululizo, hawakupi tena dozi ileile. Wanakupima upya na kuanza chini, kwa kuwa mwili umeshaanza kuusahau ule ukali, na dozi ya juzi inaweza kukukata pumzi.

Habari hiyo ya mwili kusahau, mimi na wewe tunaijua kwa gharama kubwa. Ulipouza betri na taa za sola za mtumbwi wangu, nilikukamata nikakufungia stoo ya nyavu siku saba. Nilikusikia ukipiga chafya, ukitapika, ukilia kwamba mifupa inavutwa. Nikasema arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikiisha, umepona. Siku ya nane nikafungua mlango, nikatamba kwa majirani kwamba nimekuponya kwa kufuli. Hata wiki haikuisha ukarudi mjini, ukatumia kiasi kilekile cha zamani, na wenzako wakakubeba hospitali ukiwa hupumui vizuri. Nilikuwa nimekutoa arosto tu. Ugonjwa wenyewe nilikuachia, ukaondoka nao peke yako. Na kabla ya hapo nilikuita teja mbele ya watu mwaloni. Hilo sijawahi kukuomba radhi. Leo naomba. Nisamehe.

Sababu ya pili ni mwalo wenyewe. Wewe unaukumbuka wa utotoni, ulipokuwa ukianua dagaa na mama yako. Mimi nimeuishi miaka arobaini. Siku za giza, mwezi usipoonekana, kila mtu yuko kazini: usiku ziwani, asubuhi kuanika, mchana kulala. Mambo huharibika mbalamwezi inapotoka. Dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa juu, na vijana wanabaki nchi kavu na hela mfukoni bila kazi. Hapo ndipo gongo na bangi hupata wateja. Wavuvi hodari niliowaona wakipotea hawakupotelea ziwani. Walipotea wiki ya mbalamwezi. Waliosalimika ni wale waliokuwa na nyavu za kushona, shamba la kupalilia, au mtu wa kuwangoja nyumbani.

Ndiyo maana naona kukimbia Mwanza hakutakusaidia. Kila mahali kuna mbalamwezi yake. Chunguza ya kwako ni lini. Kwa nijuavyo mimi, ni Jumamosi mchana, fundi wako wa useremala akishakulipa. Hela mkononi, kazi imefungwa, na miguu bado inaijua njia ya maskani. Mwombe fundi awe anatuma malipo kwenye simu ya dada yako, wewe ubaki na nauli na ya kula. Si kwamba hatukuamini. Hata nahodha mzuri huacha funguo za injini kwa mwenzake siku akiwa na homa. Kisha Jumamosi hiyo ipangie shughuli mapema: kufua, kucheza mpira, au kukaa na wale wenzako wawili wa kliniki.

Hao wenzako washike sana. Dada yako anakupenda, mimi nakupenda, lakini hatujui uroho ule wa unga unavyokuja usiku wa manane. Wao wanaujua. Chagua mmoja aliyekutangulia, anayekunywa dawa yake bila kuruka na anayefanya kazi, mkubaliane kwamba uroho ukikushika utampigia kabla hujavaa viatu. Namba za wauzaji zifute zote. Badala yake andika 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mshauri wa kliniki usimfiche kitu, hata kile unachonificha mimi.

Sasa mwili. Uroho ukija, jiulize mambo manne: Nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Mara nyingi utakuta mojawapo, na kila moja lina tiba yake: kula, ongea, tafuta mtu, lala. Amka saa ileile kila siku, tembea kwa miguu mpaka hospitali, na kama njia fupi inapita maskani, chukua ndefu. Dawa ile hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji mengi, kula matembele, mlenda na matunda. Nakutumia debe la machungwa kwa meli ya Alhamisi. Pombe usiguse, wala vidonge vya usingizi: vikikutana na methadoni mwilini, pumzi inaweza kukatika usingizini. Ukienda kutibiwa popote, hata jino, mwambie daktari unachokunywa.

Watakuja watu wakuambie umebadilisha unga kwa unga mwingine. Wajibu kwa upole. Kete ya unga hujui imechanganywa na nini, inakupandisha na kukuangusha mara kadhaa kwa siku, na kila ikikuangusha unatafuta cha kuiba. Kikombe kimepimwa na mtaalamu, kinakuacha ukipiga randa mpaka jioni, na hakina sindano ya kushirikiana, kwa hiyo hakikuletei virusi vya UKIMWI wala homa ya ini. Nchi yetu ilianza tiba hii Muhimbili mwaka 2011. Mwaka uliofuata Rehema Chalamila, Ray C mwenyewe tuliyekuwa tukimsikiliza redioni, alikwenda Ikulu hadharani kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kutibiwa uraibu wa dawa za kulevya. Kama yeye hakuficha uso mbele ya nchi nzima, wewe usiinamishe kichwa kwenye foleni. Na usiwe na haraka ya kuacha dawa ili kuwaridhisha watu. Kupunguza ni kazi ya wewe na wataalamu wako, hata ikichukua miaka.

Jambo la mwisho ndilo zito. Kuteleza si kuanguka. Ikitokea siku ukateleza ukatumia tena, usijifiche kwa aibu ukakaa wiki bila kuonekana. Asubuhi yake nenda dirishani kama kawaida, na kabla hujapewa kikombe sema kweli umetumia nini, ili wasikupe kiasi kitakachokudhuru. Kisha nipigie. Sitapiga kelele, na kufuli la stoo nimeshalitoa. Nililitupa ziwani.

Ukishatulia, wataalamu wakiona unaweza kusafiri na wakakuwekea utaratibu wa dawa yako, utakuja. Mtumbwi nimeununulia taa mpya. Kwa sasa mimi ndiye nitakayekuja. Kila mwezi, mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikalala, nitapanda meli nishuke Mwanza, nikae kwenu siku mbili tatu. Jumamosi yake tutakuwa pamoja. Tutanunua sato Mwaloni Kirumba, dada yako atatupikia.

Wewe kazi yako ni moja: kesho asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, nenda ukanywe dawa.

Mimi mjomba wako.