Siku niliyoona upepo ukitiwa waya Kilifi

Ukitoka Mombasa kwa matatu kuelekea Malindi, baada ya kilomita 60 hivi utafika mahali ambapo abiria huacha mazungumzo na kugeuza shingo madirishani. Hapo ni daraja la Kilifi. Chini yako mkono wa bahari umepenya kuingia bara, maji yametulia, na upande wa kusini magofu ya Mnarani yamejificha katikati ya mibuyu. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka wa 1991 magari yalivushwa kwa feri, na wazee wa hapa hawajamaliza kusimulia foleni zake.

Aghalabu sisi watu wa Nairobi hupiga picha tukaendelea na safari. Safari hii niliteremka, kwa sababu nilitaka kujua ile milingoti mingi iliyosimama majini ni ya akina nani. Hizo ni mashua za matanga, yoti, zinazotoka mbali na kutia nanga hapa kwa kuwa mkono huu umekingwa dhidi ya mawimbi. Na mashua zikija, kazi huja. Ndivyo nilivyokutana na kijana fundi wa stima ambaye kazi yake ni kupanda mlingotini na kuufunga upepo waya.

Usicheke, msomaji. Labda ulipokuwa shuleni ulikariri methali isemayo dau la mnyonge haliendi joshi, ukaiandika kwenye mtihani bila kujua joshi ni nini. Joshi ni upande unakotoka upepo. Chombo cha matanga hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Sharti kibishe, kiende mshazari huku na huku. Basi nahodha asiyejua upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani ni kama dereva aliyefungwa kitambaa machoni. Nahodha wa jahazi huujua kwa shavu, kwa bendera na kwa sura ya maji. Lakini usiku, baharini, kwa mtu aliyechoka, shavu hudanganya.

Mwenye mashua niliyoizuru, mzungu mstaafu, alidanganywa hivyo. Alikuwa akienda na upepo wa nyuma, akaona mambo ni shwari. Hebu piga hesabu nami. Upepo ukivuma noti 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa, na mashua ikakimbia noti 6 kuelekea uko huo huo unakokwenda upepo, aliye ndani atahisi noti 12 tu. Akigeuza mashua kuuelekea, zile noti 6 alizokuwa akipunguziwa zinageuka za kuongezewa, na kile alichodhani ni upepo mwanana kinamvamia. Usiku ule aligeuza ghafla, ule mti wa chini unaoshika tanga ukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ukamvunja mbavu mbili. Kipimo chake cha upepo kilikuwa kimekufa miezi kadhaa nyuma naye akipuuza. Sasa ilikuwa Februari, alitaka kushuka kusini kabla kaskazi haijakatika, na hakuwa tayari kung'oa nanga bila kipimo.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Mlingoti ulikuwa wa mita 15, sawa na jumba la orofa tano. Kijana aliketi kwenye kiti cha turubai, akafungwa kamba mbili, ya kumvuta na ya akiba. Spana na bisibisi zilifungwa uzi kila moja, maana kinachoanguka kutoka juu hakichagui kichwa. Aliyeshika kamba chini ni ami yake, nahodha wa zamani wa jahazi, mwenye mvi na viganja vigumu kama magome.

"Ami, umeshika?"

"Nimeshika mwanangu. Panda."

Kifaa chenyewe ni kidogo. Kina vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Ndani mna sumaku, na kwa kila mzunguko mapigo ya stima hutumwa chini, yakahesabiwa kuwa kasi. Kando yake kuna mshale unaogeuka kuonyesha uelekeo. Mkono wake lazima utazame omoni sawasawa. Ukipotoka kidogo, kosa hilo hurekebishwa baadaye kwenye skrini.

Kazi ngumu ni waya. Fundi mwerevu hufunga uzi kwenye waya wa zamani kabla ya kuutoa, ili uzi ubaki ndani ya mlingoti wa kuvutia waya mpya. Yeye alifanya hivyo, lakini fundo lilifunguka katikati. Wakati huo huo boti ya uvuvi yenye mashine ilipita, mawimbi yakatikisa mashua. Sisi tulio chini tuliyumba kidogo tu. Yule wa juu alirushwa upande huu na ule kama pendulamu ya saa. Nilimwona ami akikaza kamba, midomo ikinong'ona dua, mikono ikitetemeka.

Mawimbi yalipotulia aliteremsha kipande cha mnyororo wa baiskeli kilichofungwa uzi. Kililia ndani ya bomba la mlingoti hadi chini, ami akakivua kwa waya uliopindwa ncha. Waya mpya ukapita. Ulipotokeza chini, fundi aliuacha ulegee na kuinama kabla ya kuingia kwenye kisanduku chake, ili maji yanayofuata waya yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Fyuzi ikatiwa, betri ya volti 12 ikawashwa. Tarakimu zikatokea, zikapotea, zikatokea tena. Mzungu akaangalia juu. Kila mtu alijua anafikiri nini: kijana apande tena. Na kaskazi ilikuwa imeamka.

Kijana hakujibu. Alizima stima, akachomeka mita kwenye nyaya mbili za habari za mtandao wa chombo. Mtandao wa aina ile, uitwao NMEA 2000, huwa na kizibo cha omu 120 katika kila ncha, na vyote viwili vikiwapo mita husoma 60. Ilisoma 120. Kizibo kimoja hakikuwapo! Alitambaa chini ya kitanda, akakuta fundi fulani wa awali alikichomoa ili apate nafasi ya kuunga kipimo cha kina. Kizibo kikarudishwa, tarakimu zikatulia. Noti 11.

Alipolipwa, kijana aliomba sehemu ya ujira apewe kamba mpya iliyokuwa imekunjwa tezini, pamoja na kile chuma chenye meno kinachobana kamba ili isirudi nyuma hata mshikaji akichoka. Mzungu alikubali. Ami alikuwa ameketi omoni akijikanda viganja, akijifanya hasikii. Jumanne kulikuwa na mlingoti mwingine, wa mita 18.